Mjadala: Je, vituo vya umma vya utafiti wa kilimo viendelee kutegemea fedha za miradi?

Mtoa mada: Katika nchi nyingi zinazoendelea, serikali hulipa mishahara ya watafiti, lakini kazi za shambani hungoja mradi wa mfadhili wa miaka 3 hadi 5. Naona utaratibu huu unaua utafiti wa mbegu. Chukueni maharage. Katika kizazi cha pili baada ya kuchavusha wazazi wawili, nusu ya vinasaba walivyotofautiana bado havijatulia, yaani uzao wa mmea mmoja bado hutofautiana. Kiasi hicho hupungua kwa nusu kila kizazi. Kufikia kizazi cha 6 hubaki kama asilimia 3. Hapo ndipo majaribio ya maeneo mbalimbali yanaanza, na yote kwa pamoja huchukua miaka 8 hadi 10. Mradi ukifungwa katikati, mbegu za kizazi cha 4 zinabaki kwenye bahasha, kabatini, kwenye joto, zikipoteza uotaji.

Mchangiaji wa 1: Urefu wa mradi si kiini. Kiini ni fedha kuchelewa, na hata za serikali huchelewa. Chukueni jaribio la aina 20 za mbegu, kila aina ikipandwa mara 3 katika kila kituo, vituo 4: hivyo ni vitalu 240. Fedha za vibarua zikifika wiki 3 baada ya mvua kuanza, upandaji unachelewa, maua yanakutwa na ukame na palizi ya kwanza inapita. Mavuno utapima, lakini tofauti utakazoziona ni za magugu na ukame, si za mbegu. Msimu mzima umekwenda.

Mchangiaji wa 2: Basi wakulima wachangie kwa tozo ya zao, na wao ndio waamue nini kitafitiwe. Kwenye kahawa inawezekana.

Mtoa mada: Kwenye kahawa, sawa, kwa kuwa inapita mnadani au kwa wanunuzi wachache. Muhogo unaochimbwa na kuliwa nyumbani utautoza wapi? Na maharage hujichavusha yenyewe: mkulima akinunua mbegu mara moja, anatunza ya msimu ujao. Ni haki yake, ila kampuni haioni faida. Asipotafiti umma, hakuna atakayetafiti.

Mchangiaji wa 3: Mnasahau maabara. Mradi huleta mashine ya kupima madini ya udongo, watu wanapiga makofi. Mashine hiyo inataka gesi ya asetilini na, kwa kawaida, taa yake kwa kila elementi: ya zinki haipimi shaba. Mradi ukiisha, nani ananunua taa? Brazil ilianzisha Embrapa, shirika lake la umma la utafiti wa kilimo, mwaka 1973, ikasomesha watafiti wake kwa wingi na kuwagharimia kwa miaka mingi. Udongo wenye tindikali wa Cerrado, eneo la savana nchini humo, ukatiwa chokaa na kuzaa soya. Huko fedha za umma zilitangulia.

Mchangiaji wa 1: Nakubali. Ila zitengwe kwenye fungu lisiloguswa, zifike kituoni mwezi mmoja kabla ya mvua: vibarua, mafuta ya gari, umeme wa chumba cha mbegu. Wafadhili walipie ya ziada.