Wasifu wa Mzee, rasimu ya tatu

06:12 Dada Mkubwa: Habari za asubuhi ndugu zangu. Nakumbusha kwa mara ya mwisho. Mchapaji anataka wasifu wa Mzee leo kabla ya saa mbili usiku. Mpaka sasa nimepata kumbukumbu za watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

06:13 Dada Mkubwa: Tuko 23 humu.

07:40 Shangazi: Amina 🙏

07:41 Dada Mkubwa: Shikamoo Shangazi. Amina ya nini?

08:55 Mjomba: Mwache shemeji yangu. Amina haina saa.

09:02 Dada Mkubwa: Nabandika rasimu ya tatu. Someni jamani, msiniwekee vidole gumba tu.

09:02 Dada Mkubwa: "Marehemu baba yetu alikuwa mkulima tangu utoto wake hadi nguvu zilipomwishia. Alipanda mahindi kwa kamba yenye mafundo, sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shimo kwa shimo, katikati akachanganya maharage ili ardhi isichoke. Hakuna gunia lililoingia ghalani kabla ya kupimwa kwa chupa ya chumvi. Alikuwa mume mwaminifu na baba mpole, na kwa jembe lake aliwasomesha watoto wake wote."

09:10 Kitinda Mimba: 👍

09:10 Dada Mkubwa: Nimesema nini sasa hivi?

10:31 Injinia: Nipo kikaoni. Imekaa vizuri dada. Ila hiyo chupa wajukuu hawataielewa.

10:33 Mjukuu: Kweli, chupa gani hiyo?

10:50 Mjomba: Sikiliza mjukuu. Unachukua chupa kavu, unatia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, unafunga, unatikisa dakika kadhaa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani, la sivyo yataota ukungu. Isiponata, pakia. Babu yako alikuwa akitikisa kama mpiga kayamba, nami nacheza.

10:51 Mjomba: Chupa yenyewe ilikuwa yangu. Haijarudi mpaka leo.

10:53 Kitinda Mimba: 😂 Mjomba, ilikuwa chupa ya nini?

10:53 Mjomba: Ya dawa.

11:20 Shangazi: Dawa gani ilikuwa inakuimbisha usiku wa manane?

11:21 Dada Mkubwa: JAMANI. Saa mbili.

13:18 Kaka wa Shamba: Nimetoka kupalilia ndiyo nasoma. Hiyo 75 kwa 30 ni ya bondeni. Kule mteremkoni Mzee alipanda 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, apate pa kukanyaga bila kubomoa makinga maji.

13:20 Dada Mkubwa: Tukiweka zote itakuwa ndefu mdogo wangu.

13:22 Kaka wa Shamba: Andikeni mnavyoona. Idadi ni ileile. Mimea elfu 44 na ushee kwa hekta, hivi au vile.

13:40 Injinia: Nimepiga hesabu. 44,444. Kaka, hii umeitoa wapi?

13:41 Kaka wa Shamba: Kwa Mzee. Alinichorea mavumbini kwa kijiti.

13:42 Kaka wa Shamba: Shule yangu ilikuwa hapo. Ndiyo maana hilo neno "wote" nimelisoma mara mbili.

14:55 Dada Mkubwa: Mdogo wangu, hiyo ni lugha ya wasifu tu. Hatuwezi kuandika "alisomesha watatu kati ya wanne".

14:57 Kaka wa Shamba: Kwa nini?

14:58 Dada Mkubwa: Watu watauliza.

14:58 Kaka wa Shamba: Waulize.

15:20 Injinia: Kaka, mambo ya maksai si tuliyamaliza?

15:21 Kaka wa Shamba: Uliyamaliza wewe. Ulipanda basi ukaenda zako. Mimi nilibaki na nira bila ng'ombe.

15:22 Injinia: Nilikuwa na miaka 14! Nilimwambia nani auze?

15:23 Mjomba: Wapwa zangu, tukirudi kwenye ile chupa

15:23 Shemeji: Mjomba, tafadhali. Si sasa.

15:24 Injinia: (Ujumbe huu umefutwa)

15:31 Kaka wa Shamba: Nimeshausoma.

16:10 Kitinda Mimba: Samahanini. Daftari la Mzee ninalo mimi. Lile la mvua.

16:10 Dada Mkubwa: Liko KWAKO? Miezi minne nalitafuta!

16:12 Kitinda Mimba: Ulisema mtu asitoe kitu mle chumbani. Nilikuwa nimeshatoa.

16:14 Kitinda Mimba: (Picha) Siku niliyozaliwa mimi, ona alivyoandika kwa penseli: "Mvua nzuri usiku. Mtoto wa kike. Palizi ya pili bado."

16:30 Shangazi: Huyo sasa ndiye kaka yangu.

16:41 Kitinda Mimba: (Picha) Na hii.

16:58 Shemeji: Simu yetu hii kioo kimepasuka, maandishi hayaonekani. Tuandikie wifi.

17:05 Kitinda Mimba: "Maksai wameondoka. Mkubwa wa kiume nimemwambia abaki. Hakujibu. Nimelima kwa mkono mpaka giza." Halafu wiki tatu hakuna kitu. Kurasa nyingine zote hajaruka hata siku mbili.

18:26 Mjukuu: Bibi amerekodi sauti kwenye simu yangu. Ameniambia niiandike kwa ajili ya walioko kazini. Nanukuu:

18:27 Mjukuu: "Wanangu. Kamba za wale maksai nilizifungua mimi kwa mikono yangu, msimtwike baba yenu peke yake. Mwaka ule tuliweza mmoja. Tulikaa usiku kucha, tukachagua. Tuliyemnyima ndiye aliyekuja kumwogesha baba yenu alipokuwa hawezi kuinuka. Futeni hilo 'wote'. Na huo wasifu usomwe hivyohivyo mbele za watu."

18:27 Mjukuu: Amesema leo asipigiwe simu na mtu.

19:05 Shangazi: Amina.

19:31 Dada Mkubwa: Nimefuta "wote". Imebaki "aliwasomesha watoto wake". Bado inasomeka vilevile. Nani ana sentensi?

19:44 Dada Mkubwa: Dakika 16.

19:46 Injinia: Andika kwamba mwanawe wa kwanza wa kiume alibaki naye shambani, na kwamba mimi nilisoma kwa maksai wa huyo ndugu yangu. Weka na jina langu.

19:47 Dada Mkubwa: Mpaka mwenyewe aridhie. @Kaka wa Shamba

19:52 Dada Mkubwa: @Kaka wa Shamba ?

19:58 Dada Mkubwa: Nimemwomba mchapaji, ametusogezea hadi kesho saa nne asubuhi. Na siku yenyewe nani atasoma? Injinia ulijitolea.

20:03 Injinia: Nilijitolea jana, dada.

21:15 Shemeji: Amelala. Amesoma yote, hakusema kitu. Ameuliza tu ile kamba ya mafundo iko kwa nani.

21:16 Mjomba: Si kwangu. Mimi ndiye ninayedai.

21:40 Dada Mkubwa: Iko kwangu.

06:02 Dada Mkubwa: Habari za asubuhi ndugu zangu. Nakumbusha, saa nne.