Sienta au Wish iliyotumika kwa familia ya watu saba na safari za Njombe: naomba uzoefu wa wamiliki

Mkazi wa Goba aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa mijadala ya magari kwa muda mrefu bila kuchangia, na leo nimelazimika kuomba ushauri kwa sababu fedha niliyonayo haitoshi kukosea mara mbili.

Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne wenye umri wa kati ya miaka 3 na 14, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Gari tulilo nalo ni Toyota IST ya watu watano, na kila Jumapili tunakwenda kanisani kwa awamu mbili. Gari tunalotafuta litafanya kazi ya kila siku kutoka Goba hadi Posta hapa Dar es Salaam, sehemu ya njia ikiwa ya vumbi na makorongo, na kila Desemba litafanya safari moja ya Njombe kwa wazee, ambayo kama mnavyofahamu inapita Mikumi na kupanda mlima Kitonga. Bajeti yangu ni shilingi milioni 15, na ndani yake nataka iingie bima, gharama ya kuhamisha umiliki na matengenezo ya mwanzo. Noah nimeiweka pembeni kwa sababu ya bei na unywaji wa mafuta.

Hadi sasa nimeona magari mawili. La kwanza ni Toyota Wish ya mwaka 2004, injini ya 1.8, namba D (yaani usajili wa hapa nchini wa mfululizo wa D), na dashibodi yake inaonyesha kilomita 98,000. La pili ni Toyota Sienta ya mwaka 2008, injini ya 1.5, ambayo dashibodi yake inasoma kilomita 141,000. Dalali anasisitiza kwamba Wish ndiyo yenye afya kwa kuwa imetembea kidogo. Je, Sienta inaweza kupanda Kitonga ikiwa na watu saba? Je, yanayosemwa juu ya gia boksi za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua) ni ya kweli au ni hofu tu za vijiweni? Na kabla ya kutoa fedha, nikague nini ambacho mtu asiye fundi anaweza kukiona kwa macho yake?

Fundi wa Gerezani alijibu:

Ndugu Mkazi wa Goba, naomba nianze na hilo la kilomita, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Gari la mwaka 2004 lenye kilomita 98,000 limetembea chini ya kilomita 5,000 kwa mwaka. Huko Japani jambo hilo linawezekana, lakini gari lenye namba D limekwisha kula miaka kadhaa ya barabara zetu, na mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kazini kila siku humaliza kilomita 5,000 kabla ya miezi sita kwisha. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani, kitambaa cha kiti cha dereva na mkanda wake. Vitu hivyo vikiwa vimechakaa kuliko namba iliyo kwenye dashibodi, amini vitu hivyo.

Kuhusu Wish ya mwaka huo, injini yake ni 1ZZ-FE, na matoleo ya kabla ya 2005 yanajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Haina maana kwamba kila moja inakula, ila muuzaji mwenye gari linalokula humimina oili nzito ya 20W-50 siku ya kuonyesha gari, na moshi unapungua kwa wiki moja au mbili. Dawa yake ni kumwomba asiwashe gari kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa boneti mwenyewe, chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), halafu simama nyuma ya bomba la moshi wakati mwenzako anawasha. Liache lingurume bila kukanyagwa kwa dakika kumi, kisha akanyage mara moja kwa nguvu. Moshi wa bluu ukitoka, funga mazungumzo.

Jambo la pili ni joto. Mafundi wengi wa mitaani, nami nasema hivi nikiwa mmoja wao, gari likichemsha huondoa thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini), huunganisha feni moja kwa moja na kumwaga maji ya bomba kwenye rejeta. Hapa mjini gari hilo litakwenda bila tatizo. Litakuumbua Kitonga, nyuma ya foleni ya malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Ukaguzi wake ni rahisi: injini ikiwa ya baridi kabisa, washa gari huku kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Feni ikianza kuzunguka papo hapo, kuna kitu kimefichwa. Fungua pia kifuniko cha rejeta (injini ikiwa baridi, tafadhali, nimeshaona mtu akiungua uso) na uangalie rangi ya kilichomo. Kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, ina rangi nyekundu, ya pinki au ya kijani, wakati maji ya kutu yana rangi ya chai.

Sasa CVT. Maneno ya vijiweni ni nusu kweli. Kinachoiua gia boksi hiyo mara nyingi ni oili isiyo yake. CVT inataka oili iliyoandikwa CVT, na kwa matoleo haya ya zamani ya Toyota ni ile yenye herufi TC, lakini gereji nyingi huweka haidroliki ya kawaida, ile nyekundu ya gia boksi za kizamani. Unapoijaribu, endesha polepole kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa bila kukanyaga sana, kisha rudi nyuma kwenye mwinuko. Ukisikia gari linatetemeka kama linalopita juu ya matuta madogo, au rivasi inachelewa kushika, liache.

Halafu kuna jambo ambalo madalali wengi hawalijui. Ndani ya boneti kuna kibati chenye msimbo wa gari. Sienta ya toleo la kwanza ikiwa NCP81, inavutwa na matairi ya mbele na ina CVT. Ikiwa NCP85, inavutwa na matairi yote manne na ina gia boksi otomatiki ya kawaida ya gia nne. Injini ni ile ile 1NZ-FE iliyomo kwenye IST za 1.5, ambayo spea zake zinapatikana hata kwa wauza duka wa Makambako. Wish yako ya 1.8 ya miaka hiyo nayo ina gia nne za kawaida. Wish za toleo la pili, kuanzia 2009, ndizo zenye CVT hata kwenye 1.8.

Ukikutana na Wish, au Toyota Isis, ya 2.0 iliyoandikwa D-4 juu ya injini (yaani petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda) na bei yake ikiwa nzuri kupita kiasi, fahamu kwamba bei hiyo ina sababu.

Mama Pacha alijibu:

Shikamoo Fundi, na pole na maamuzi kaka Mkazi wa Goba. Ninamiliki Sienta NCP81 kwa mwaka wa nne sasa, nikiishi Kibaha na kufanya kazi mjini, kwa hiyo nitasema ninayoyajua kama mama wa familia na si kama fundi.

Kwa mama yako, milango ya Sienta ya kuvuta pembeni ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Sakafu iko chini na mlango unafunguka wote, hivyo mtu mwenye magoti mabovu anageuka na kukaa, bila kupanda wala kujikunja. Wish ina milango ya kawaida na paa lake liko chini, na mama mkwe wangu alipopanda ya shemeji alihitaji watu wawili wa kumsaidia kutoka. Ila milango hiyo hiyo haipendi vumbi. Ile inayojifungua kwa umeme ina waya ambao hukatika, na wangu ulikatika mwaka wa pili. Sasa ninafungua mlango kwa mkono, na kusema kweli sijaukumbuka umeme wake. Kila mwezi safisha reli za milango kwa brashi na kitambaa, hasa kwa mtu wa Goba.

Kiti cha tatu ni cha watoto. Mtu mzima atakaa hadi Morogoro kwa uvumilivu, lakini hadi Njombe atashuka akiwa na nongwa. Kinapokunjwa hujificha chini ya kiti cha katikati na nafasi ya mizigo inakuwa kubwa ajabu, lakini kikiwa wazi kwa watu saba, nyuma panabaki nafasi ya begi la shule na mkungu mmoja wa ndizi. Mafuta, kwa uendeshaji wangu, ni kilomita 10 hadi 11 kwa lita mjini na karibu 14 barabara kuu.

Kuhusu oili ya CVT, alichosema Fundi kilinitokea. Gereji moja ambayo sitaitaja ilinibadilishia oili nikiwa ofisini, nikaambiwa wameweka "ya gia". Baada ya wiki tatu gari lilianza kutetemeka kila nilipoondoka kwenye taa. Fundi mwingine aliimwaga yote na kuweka inayostahili mara mbili mfululizo, na kwa bahati likapona, ingawa nililipa fedha ambayo ingetosha ada ya muhula mmoja. Tangu siku hiyo ninanunua oili mwenyewe na kukaa kwenye benchi mpaka kazi iishe.

Mwalimu wa Mafinga alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu nimeona Sienta inasifiwa kwa milango huku swali la mlima likiachwa njiani. Nina Wish ya 1.8 ya mwaka 2006, na Kitonga ninapanda na kushuka mara sita au saba kila mwaka.

Wajapani wanapopiga hesabu ya uzito wa gari likiwa limejaa, humkadiria kila abiria kilo 55. Watu saba ni kilo 385. Sasa fanya hesabu ya familia ya Kitanzania inayokwenda kwao Desemba: watu wazima watatu wa kilo 75, watoto wanne, mchele, mafuta ya kupikia, sare za harusi ya binamu, na wakati wa kurudi gunia la viazi na parachichi. Umevuka uzito huo kabla hujafunga mlango, na Sienta ina nguvu za farasi zisizozidi 110. Wish ya 1.8 ina 132, na ingawa yenyewe ni nzito kidogo, tofauti hiyo unaiona pale unapotaka kulipita lori kwa usalama, si kwa kujaribu bahati.

Sisemi kwamba Sienta haipandi, maana inapanda, na ninaziona kila wiki. Ninasema kwamba dereva wake azime kiyoyozi, aache nafasi mbele yake na asione aibu kupitwa. Mteremko nao una mambo yake. Wengi huogopa kupanda, lakini breki huungua wakati wa kushuka, na kwa gari lolote kati ya haya mawili unapaswa kushuka kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki kutoka juu hadi chini. Pia, kabla ya kununua Wish, muulize mwenye gari kama imewahi kufanya kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria wa safari za mikoani. Atakataa, lakini ukikuta viti vya nyuma vimelegea na shokapu za nyuma zimekwisha huku za mbele zikiwa nzima, utakuwa umejibiwa.

Mimi ningechukua Wish ya 2006 hadi 2008, si hiyo ya 2004.

Mzee wa Yadi alijibu:

Nitagusa karatasi tu, maana gari wamelimaliza. Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia au awe na hati halali ya kuuza kwa niaba ya mmiliki. Hakikisha namba ya chasi iliyoko kwenye kadi inafanana na iliyochorwa kwenye chuma, na uangalie kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki na madeni ya maegesho, kwa sababu deni hulifuata gari. Uliza pia kama kadi haijawekwa dhamana kwenye mkopo.

Kama unafikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani, anza na kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) mtandaoni kabla ya kutazama picha. Ushuru hukokotolewa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wa TRA, hivyo kununua kwa bei ya kutupwa hakutakupunguzia kodi, na gari lililozidi umri wa miaka 10 huongezewa 30% kwa ajili ya uchakavu. Kwa milioni 15 na gari la miaka hiyo, sikushauri.

Mkazi wa Goba aliongeza, baada ya siku tisa:

Ndugu zangu, nashukuru kwa moyo wote, na naona ni haki mpate mrejesho.

Mwenye Wish nilimwomba asiwashe gari kabla sijafika, akakubali. Nilifika saa moja kasoro asubuhi na boneti ilikuwa ya moto. Alisema alikuwa amempeleka mtoto shule, ingawa ilikuwa Jumamosi. Sikuendelea.

Sienta ya kwanza ilikuwa NCP81 na ilitetemeka nilipoijaribu kwenye mwinuko wa Makongo. Nilikaribia kukata tamaa, kisha nikapata nyingine Tegeta, ya mwaka 2009, na kibati kinasoma NCP85. Kilomita ni 163,000, ila mwenyewe ametunza stakabadhi za oili tangu alipoinunua. Feni haikuzunguka hadi injini ilipopata joto, na kulanti ni ya pinki. Kasoro niliyoiona ni bushi za mbele zinazogonga na mlango wa kushoto unaovutwa kwa mkono tu, na kwa ajili ya hayo amenipunguzia laki sita. Mwalimu, hoja yako ya uzito nimeielewa, na tumekubaliana kwamba Desemba mizigo na mtoto mkubwa watatangulia kwa basi.

Jana nilikwenda na mama. Alishika ukingo wa mlango, akageuka, akakaa, kisha akauliza kama tunaondoka au tunasubiri nani. Jumatatu tunakutana na muuzaji kwa ajili ya kuhamisha umiliki. Fundi, kwa gia boksi hiyo ya gia nne, niweke oili gani?

Fundi wa Gerezani alijibu:

Hongera. Hiyo sasa ndiyo inayotaka haidroliki ya kawaida, ya Toyota T-IV. Ukiweka ya CVT humo, utakuwa umefanya kosa la Mama Pacha kwa kinyume. Bushi zibadilishe zote mbili kwa pamoja, na mpangilio wa matairi upimwe baada ya hapo.

Mama Pacha alijibu:

Na ukae kwenye benchi, kaka.