Masta UK: 68.67, distinkshoni ipo au ndo meriti?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Naomba msaada kwa waliosoma masta hapa Uingereza. Maksi ya dizatesheni (tasnifu ya mwisho) imetoka nimepata 72, moduli zingine wastani 67, jumla inasoma 68.67 na bodi ya mitihani haijakaa bado. Huwa wanamsukuma mtu afike 70 ya distinkshoni au ndo basi tena? Nimwandikie supavaiza anisemee?

*

Marahaba mdogo wangu, hongera kwanza kwa hiyo 72. Kwa supavaiza usihangaike, hana ubavu huo, kwenye bodi nyingi hata jina lako halionekani wanaona namba tu, na siku hizi vyuo vingi vimeondoa ile ya maprofesa kukaa na kuoneana huruma, ni kanuni tu zinapigwa kwenye kompyuta.

Masta ya hapa ni krediti 180 (pointi za uzito wa kila somo), mara nyingi 120 za madarasani na 60 za dizatesheni, ndo maana 72 yako imekuvuta juu hivyo. Vyuo vingi pasi ni 50, meriti 60, distinkshoni 70. Sasa ukiwa chini kidogo ya mstari kila chuo kina lake. Kuna kinachoanza kukufikiria kuanzia 68, kuna kinachoanza 69, na kuna ambacho kinaraundi tu 69.5 iwe 70 halafu basi, hakuna mjadala. Kwa hiyo 68.67 hiyo hiyo chuo kimoja uko mlangoni, cha jirani hata getini hujafika.

Ukishakuwa mlangoni ndo wanaangalia kingine, mara nyingi wanataka nusu ya krediti zako ziwe na 70 kwenda juu, yaani 90, wengine wanataka dizatesheni yenyewe iwe 70, wengine vyote viwili. Wewe dizatesheni imeshakupa krediti 60, ukiwa na moduli mbili za krediti 15 zenye 70+ umefika 90. Ingia website ya chuo utafute regulesheni za masta, za mwaka ULIOANZA wewe, sio za mwaka huu maana wanabadilisha.

*

Asante sana kaka. Moduli mbili ninazo, 71 na 74, zote za 15! Ila kuna moja nilifeli nikapiga sapu, yaani kurudia mtihani, ikabaki 50.

*

Hapo kwenye sapu ndo pa kuangalia mdogo wangu. Sapu wanaikata ibaki 50 hata kama uliandika ya 80, hilo lipo kwenye wastani wako tayari, lakini vyuo vingine vinaenda mbali zaidi, ukiwa na sapu hata moja distinkshoni hupewi hata wastani ungekuwa 75. Tafuta hicho kipengele kabla ya vyote. Halafu hiyo sapu ilikuwaje, uliumwa? Kama ulipeleka vyeti vya hospitali chuo kikakubali, ilitakiwa ihesabike mtihani wa kwanza na maksi isikatwe.

*

Niliumwa ndiyo, na barua ya kukubaliwa ninayo kwenye email 😳

*

Mimi naingilia tu, nimewahi kukaa kwenye hizi bodi. Mwandikie ofisi ya mitihani LEO, ambatanisha barua, uliza kwa nini maksi imekatwa. Kabla bodi haijakaa hilo ni suala la kurekebisha rekodi, baada ya hapo inakuwa rufaa na muda wa rufaa ni mfupi. Na hata kwenye rufaa usiseme ulistahili maksi zaidi, uamuzi wa msahihishaji hauguswi, sema utaratibu haukufuatwa. Chuo kikikataa mpaka mwisho, England na Wales kuna OIA, ofisi huru ya malalamiko ya wanafunzi dhidi ya vyuo, ni bure, una miezi 12 toka upewe barua ya kufunga malalamiko. Scotland wana ombudsman wao, yaani msikilizaji huru wa malalamiko.

*

Nimeshatuma, wamejibu kiotomatiki siku tano za kazi. Bodi ni wiki ijayo Alhamisi.

*

Siku tano za nini, piga simu kesho asubuhi.