Nimelipa kutembezwa mjini kwangu mwenyewe, nikadanganywa mbele ya mgeni na mgeni akasukuma gari

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi ya Pasaka nikisema litapoa. Halijapoa. Jina la kampuni iliyotutembeza silitaji, mama watoto kanikataza, anasema mimi nikianza sijui kunyamaza. Lakini yaliyotokea nayamwaga yote.

Nina rafiki yangu Mkenya, tulisoma wote chuo hapa Dar, sasa hivi anafundisha historia sekondari huko Nakuru. Miaka tisa hatujaonana. Akasema Pasaka anakuja, anataka kuuona mji vizuri, sio kama tulivyouona enzi za kusubiria boom, ile hela ya mkopo wa chuo. Sasa mimi naishi Tabata, najua njia ya kazini, ya kanisani na ya baa. Makumbusho ya Taifa mara ya mwisho niliingia nikiwa darasa la tano, kwenye mstari, nimeshikana mkono na mwenzangu. Nikaona isiwe tabu, nitafute wenye kazi yao.

Nikawapata mtandaoni. Tangazo tamu: Sanamu ya Askari, Makumbusho na kiingilio humohumo, Feri, Daraja la Nyerere, samaki wa kutoka baharini siku hiyohiyo, gari lenye kiyoyozi. Mkubwa 70,000, mtoto 35,000. Mimi, mke na watoto wawili ikawa laki mbili na kumi. Mwalimu wakamkata dola 60. Nikauliza, dola za nini, si anakaa siti zilezile? "Boss, huyo kwenye mfumo anasoma mgeni."

Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Wamekuja saa nne kasoro robo na Noah ambayo kiyoyozi chake ni kioo cha nyuma kisichopanda. Na hii ni masika, wakuu. Mwanangu mdogo kakaa upande huo, tunafika Posta bega moja limelowa chapachapa, lingine kavu.

Kituo cha kwanza, Sanamu ya Askari pale Samora. Hata kushuka hatukushuka, tumezungushwa mara mbili kama msafara wa harusi. Mwongozaji, kijana mtanashati aliyevaa miwani ya jua kwenye mvua, akakohoa akaanza: "Huyu mnayemuona ni Chifu Mkwawa. Bunduki kaielekeza baharini kuwaonya Wajerumani wasirudi."

Nikamtazama Mwalimu. Kimya, anatabasamu lile tabasamu la mwalimu anayemwachia mwanafunzi amalize mwenyewe. Halafu taratibu kabisa: "Kaka, Mkwawa alijiua 1898 ili Wajerumani wasimkamate. Hii sanamu imewekwa na Waingereza 1927, na huyo ni askari wao. Si ndivyo?"

Jibu la kijana, naomba mlisome mara mbili: "Mwalimu, historia ya Kenya na ya hapa ni tofauti."

Mke wangu akainamia simu. Mimi natamani ile Noah inimeze. Bahati nzuri Mwalimu hakununa, akawageukia watoto. Akawaambia Nairobi wana ndugu zake huyu, watatu, wamesimama Kenyatta Avenue, na Mombasa wako wanne, wote ni kumbukumbu ya Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Na sio wenye bunduki tu, hata wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, wale wa "Carrier Corps", ambao jina lao ndilo limezaa Kariakoo yetu. Wao Nairobi wanayo Kariokor. Binti yangu wa darasa la sita akaruka: "Kumbe Kariakoo ni Kizungu?" Wakuu, mimi nimezaliwa Ilala, nina miaka 41, ile ya Kariokor nimeisikia siku hiyo kwa Mkenya, ndani ya gari linalovuja. Na aliyelipwa kutufundisha alikuwa anachezea redio.

Makumbusho, getini kijana anageuka: kiingilio ni juu ya mteja. Tangazo ninalo kwenye simu, namwonyesha, anasema hilo ni la zamani. Nikatoa, ningefanyaje mbele ya mgeni? Mwalimu alikuwa na hamu ya Zinjanthropus, lile fuvu alilolipata Mary Leakey Oldupai 1959. Anaandika vitu kwenye kidaftari chake, hajamaliza hata kibao cha pili, kijana anapiga makofi: "Twendeni jamani, muda, muda!"

Muda wa kwenda wapi? Duka la vinyago. Pale muda ulikuwepo, dakika 55 nimehesabu. Dereva kaletewa soda, kijana kaitwa nyuma ya pazia, karudi anapapasa mfuko wa shati. Mwalimu kaulizia kinyago kidogo kama chupa ya soda: laki na themanini. Nadhani na wao wanatumia mfumo uleule.

Feri tukaambiwa hapapitiki, tope. Samaki wa siku hiyohiyo akawa kibua mmojammoja kwenye mgahawa wa mtu wao, na chips zilizolala. Mke wangu ni wa Kilwa. Alimfunua shavu yule samaki kwa uma, akatazama lile jicho lililozama, akaisukuma sahani: "Huyu kafa kabla ya Kwaresma." Hakula mpaka tunarudi.

Daraja la Nyerere? Mita 680 za daraja, sikukanyaga hata moja. Gari limezimika Kurasini, katikati ya dimbwi. Dereva: "Ni betri tu, bro, mkinisukuma kidogo linawaka." Waswahili walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya pili tumempa Noah. Mwalimu kakunja suruali mpaka magotini, kavua viatu vyake vya ngozi akampa binti yangu avishike, tukasukuma. Halikuwaka. Kijana akadandia bodaboda, anaenda kuleta fundi. Mpaka naandika hapa, hajarudi.

Jumatatu tumezunguka wenyewe. Pantoni mia mbili mbili mpaka Kigamboni na kurudi, samaki tumemchagua wenyewe Feri akakaangwa tunamwona, jioni mihogo Coco. Hiyo siku yote haikufika hata nusu ya dola 60.

Nimewapigia Jumanne. Dada wa simu ana sauti nzuri sana, anasema hela ikishaingia kwenye mfumo hairudi, ila wananipa punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Safari ijayo na nani? Dada, kama unapita humu: dola 60 za Mwalimu mrudishe, nimtumie Nakuru. Laki mbili na kumi yangu kaeni nayo, mkamnunulie dereva betri.