Naanza kusomea ubunifu wa bidhaa: MacBook Air au ThinkPad iliyotumika?

mchoro_tanga
Habari wakuu. Naanza shahada ya ubunifu wa bidhaa za viwandani, na chuo kimetaja SolidWorks na Rhino (programu za kuchora maumbo ya 3D) na KeyShot (ya kutengeneza picha zake). Bajeti ni shilingi milioni 1.8. Nimeoneshwa mashine mbili: MacBook Air ya M1 yenye RAM ya GB 8, na ThinkPad P53 iliyotumika, Core i7, RAM GB 16, kadi ya picha ya Quadro T1000. Nichukue ipi? Na leseni nazipataje bila kufilisika?

Kalibu2mm
Mkuu, orodha ya chuo imeshakujibu. SolidWorks ni ya Windows tu, na Mac za M1 hazina Boot Camp, ile njia ya kuweka Windows kwenye Mac. Ukipita njia ya Parallels, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, unapata Windows ya ARM (aina ya prosesa kama M1), ambayo SolidWorks haiitambui rasmi. Rhino inafanya kazi vizuri kwenye Mac, ila SolidWorks ndiyo inayofunga mjadala. Tena RAM ya hiyo Air haiongezeki, wakati P53 ina nafasi nne za RAM.

Usibabaishwe na wingi wa viini (cores) vya prosesa. Kwenye SolidWorks kila hatua ya mti wa historia, yaani orodha ya hatua ulizochora, inaisubiri iliyotangulia: huwezi kuviringisha kona ambayo haijakatwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabebwa na kiini kimoja, na kasi ya kiini hicho ndiyo inayokupunguzia kusubiri. Viini vingi utavifaidi wakati wa kurenda (kutengeneza picha halisi ya umbo) kwenye KeyShot. T1000 yenye GB 4 inatosha kuchorea. Picha nzito ikiijaza, renda kwa prosesa.

Huo mti ndio sababu wanafundisha SolidWorks. Ukibadilisha unene wa ukuta wa kasha la plastiki kutoka mm 2 hadi 2.5, mbavu za ndani na matundu ya skrubu vinafuata, ilimradi vipimo umevifunga tangu mwanzo.

vipuri_na_betri
Naunga mkono P53, lakini usitoe hela kabla ya kukaa nayo dukani nusu saa.

Iwashe, na nembo ya Lenovo ikitokea bonyeza F1. Ikidai neno la siri la msimamizi, achana nayo hata kama bei ni tamu. Halifutiki kwa kuchomoa betri. Kisha fungua Task Manager, upande wa Memory, uone GB 16 zimekaa kwenye nafasi ngapi. Vipande viwili vya GB 8 vina kasi kuliko kimoja cha 16.

Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotengenezwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Betri ya mWh 90,000 iliyobaki na 40,000 imechoka, shusha bei.

Chaja ndiyo inayowaponza wengi. P53 inataka chaja ya wati 170 au 230, lakini dukani unaweza kupewa ya 65. Mashine inaweza kuwaka, ila prosesa inapunguza kasi kwa kukosa umeme, nawe unailaumu programu. Soma wati kwenye chaja yenyewe.

Angalia pia kizazi cha prosesa. Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi i7 nyingi za kizazi cha 7 kurudi nyuma. P53 ni kizazi cha 9, haina tatizo.

nyuso_laini
Kuhusu leseni: anza kwa kuuliza chuo kinatumia SolidWorks ya mwaka gani na kama kinagawa leseni. Faili la toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo ukitangulia toleo unaweza kukwama siku ya kukabidhi kazi. Rhino ijaribu siku 90 bure. Leseni yake ya mwanafunzi inanunuliwa mara moja na haiishi muda. Fusion, programu nyingine ya 3D, ni bure kwa mwanafunzi, unahuisha kila mwaka. Blender na FreeCAD, nazo za 3D, ni bure kwa yeyote. Programu za kudukuliwa ziepuke kabisa, nyingi zinakuja na virusi.

Ukitoka Rhino kwenda SolidWorks, weka vipimo kwenye milimita, unganisha nyuso zote, halafu andika amri ya ShowEdges uchague Naked Edges (kingo zisizoungana). Pakitokea mstari hata mmoja wenye rangi, pana mwanya. Uzibe kabla ya kuhifadhi kama STEP (faili la kubadilishana maumbo kati ya programu), la sivyo SolidWorks italeta nyuso tupu badala ya umbo zima, na amri ya Shell, ya kutoboa umbo libaki ukuta tu, itagoma. Faili la STL liache kwa ajili ya kuchapa 3D. Halibebi kizio cha kipimo, hivyo chupa ya inchi 4 inaweza kufunguka ikiwa na mm 4.

mchoro_tanga
Asanteni sana wakuu. Chaja waliyonionesha imeandikwa wati 90. Niikatae mashine?

vipuri_na_betri
Hapana, ikatae chaja. Wakikosa ya 170, wapunguze bei ya chaja nzima, lakini jaribu mashine kwa chaja sahihi kabla ya kulipa. Ukifika nyumbani, nenda Settings, Display, Graphics, uiwekee SolidWorks na Rhino High performance, zisije zikatumia kadi ndogo ya Intel.