Muvi ya Fischer na Spassky imeharibiwa na mtafsiri, vijana wangu wa chesi wamelishwa uongo mtupu

Wakuu heshima kwenu. Hasira nimekuwa nayo tangu Jumamosi na leo Jumanne haijaisha, mods naomba msiuunganishe huu uzi na nyuzi zingine za muvi, hili ni jambo linalojitegemea.

Nina vijana tisa hapa mtaani Mbagala nawafundisha chesi kila Jumamosi barazani kwangu. Mbao mbili tu, na moja haina farasi mweusi tunaweka kizibo cha soda. Mkubwa wao ana miaka 14. Wamenisikia namtaja Bobby Fischer mpaka wakaniganda, mwalimu tuoneshe huyo mtu, mwalimu lini. Nikaenda kibanda cha muvi nikajaziwa kwenye flashi Pawn Sacrifice, ile ya 2014, Tobey Maguire ndo Fischer na Liev Schreiber ndo Spassky, inahusu mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi ya 1972, Fischer Mmarekani dhidi ya Spassky Mrusi aliyekuwa bingwa. Jamaa wa kibanda akaniambia kaka hii ipo iliyotafsiriwa, watoto wataelewa vizuri. Nikaona safi kabisa, nikaazima projekta kwa jirani, nikatundika shuka ukutani, mama watoto akakaanga na bisi.

Jamani. Yule mtu hakutafsiri, alitunga muvi yake juu ya muvi ya watu.

Mama yake Fischer, ambaye ni kweli FBI walikuwa wanamfuatilia kwasababu ya siasa zake, huyu bwana anasema ni jasusi wa Urusi alitumwa Marekani kuzaa mtoto. Padri Lombardy, ambaye alikuwa padri kweli na granmasta kweli (cheo cha juu kabisa cha chesi) na ndo alimsaidia Fischer kule Reykjavik, Iceland, mechi ilikochezwa, eti ni mtu wa CIA kavaa kanzu kuficha bastola. Na Boris Spassky ndo kamwita muuaji wa KGB, majasusi wa Urusi, mwanzo mwisho, kila akitokea tu kwenye skrini, "muuaji kaingia", "muuaji anakunywa maji", hadi akiwa anatembea ufukweni.

Spassky muuaji? Spassky ambaye hata chama cha kikomunisti alikataa kujiunga? Ngoja niwaambie huyu mtu alifanya nini Julai 1972 maana wengi wanamjua Fischer tu. Gemu ya kwanza Fischer kamwingiza askofu wake mwenyewe kwenye mtego kwa kula kete moja ya pembeni, kapoteza. Gemu ya pili hakutokea kabisa, analalamikia kamera, akahesabiwa kashindwa. Mbili bila. Mechi ni ya gemu 24 na zikiisha 12 kwa 12 bingwa anabaki na taji lake, kwahiyo Spassky angepanda ndege akaenda zake nyumbani akiwa bingwa wa dunia na hakuna ambaye angemlaumu, na wakubwa zake Moscow walikuwa wanamtaka arudi. Akakataa. Akakubali gemu ya tatu ichezwe chumba cha nyuma mbali na watu kama Fischer alivyotaka, na humo humo ndo Fischer akamfunga kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Uungwana ulimgharimu taji. Sasa mtu wa hivyo unamwita muuaji mbele ya watoto wangu?

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni gemu ya sita. Mnaocheza chesi mnaijua. Fischer miaka yote anafungua kwa kete ya mbele ya mfalme, siku hiyo akasukuma ya upande mwingine, wakaishia kwenye ufunguzi ambao Spassky anaulinda vizuri kuliko mtu yeyote, ulinzi wake alioupenda. Na akamfunga humo humo, hatua 41. Kwenye muvi hapo pametulia, ukumbi kimya, unaona uso wa Spassky unavyobadilika taratibu anapoelewa kwamba imeisha na kwamba alichofungiwa ni kitu kizuri. Anasimama. Anapiga makofi. Hiyo ilitokea kweli, bingwa wa dunia kampigia makofi mpinzani wake mbele ya ukumbi mzima, wakati wa vita baridi, huku nchi yake inamwangalia. Mimi miaka na miaka nikifika hapo koo linakauka.

Mtafsiri akafunika ule ukimya wote na kelele, hajaacha hata sekunde moja. Na Spassky anaposimama akasema kwa sauti yake nzito, "anampigia makofi ya kinafiki huyo, usiku wa leo lazima Fischer afe."

Kijana wangu mdogo kabisa, miaka 9, akanigeukia akaniuliza, mwalimu kwahiyo alimuua?

Nikazima. Nikakaa nao nikaanza kuwaeleza kwamba hapana, Fischer kafa 2008 huko huko Reykjavik akiwa na miaka 64, kwa ugonjwa, na mwaka 2004 aliposhikiliwa Japani ni Spassky huyu huyu alimwandikia rais Bush kumwombea, akasema kama ni kufungwa basi na yeye wamfunge chumba kimoja na Fischer wapewe na ubao wa chesi. Spassky mwenyewe katutoka Februari 2025. Wananisikiliza lakini naona kabisa sauti ya kwenye muvi imeshaingia, wawili walipokuwa wanaondoka wanarushiana "muuaji kaingia, muuaji kaingia".

Na kama shida ilikuwa ni kuweka siasa na taharuki, hivi ilikosekana wapi? Kissinger mwenyewe, mshauri wa rais wa Marekani wakati huo, alimpigia Fischer simu aende akacheze. Tajiri wa Uingereza Jim Slater akatoa pauni 50,000 zake mfukoni kuongeza zawadi. Warusi wakadai kiti kina kifaa kinamvuruga Spassky, viti vikapigwa eksirei, taa zikafunguliwa, wakakuta nzi wawili wamekufa. Yote ya kweli, yamejaa tele, unahitaji kutunga nini tena wewe?

(Waliotengeneza muvi wenyewe nao nina neno nao, baada ya gemu ya sita wanaruka gemu 15 nzima mpaka mwisho, mechi iliisha 12.5 kwa 8.5 na Spassky akakubali kushindwa kwa simu, hata hilo hulioni. Ila hayo ni ya uzi mwingine.)

Msiniambie tafsiri zote ndo ziko hivyo. Sisi tumekulia kwa Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, alikuwa anaongeza chumvi lakini hadithi unatoka nayo, unajua nani ni nani. Huyu inaonekana hata muvi hakuiangalia kabla ya kukaa kwenye maiki, na hajui ngome na farasi vinatofautianaje, kila kete kwake ni "silaha".

Jumapili nikarudi kibandani, jamaa ananijibu kaka wateja wanapenda ngumi, chesi kavu haiuzi. Buku yangu sijaidai. Namba ya mtafsiri ipo mwisho wa muvi, nikapiga, nikaeleza kwa adabu kabisa, akanikatia simu.

Simtaji hapa maana sina ugomvi na riziki yake. Ila kama unapita huku mkuu na umejitambua, nitafute PM. Tuifanye upya. Sitaki hata shilingi, nitakaa pembeni yako nikutajie kila kete na kila mtu ni nani, na ikifika gemu ya sita naomba kitu kimoja tu, dakika ile moja unyamaze.