Makamu ya Rasti kwenye udi: Mi inakaa wapi?

Swali: Ndugu zangu, nimepiga gitaa miaka mingi na sasa ninajifunza udi, ile ala ya nyuzi, kwa ajili ya taarab. Nikijaribu taksimu (kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo) katika makamu ya Rasti, yaani mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, noti ya kwanza ikiwa Do, Mi yangu hugeuka ama ya meja (ya juu) ama ya maina (nusu toni chini yake). Kidole nikiweke wapi?

Jibu: Ndugu, Mi hiyo hukaa katikati ya hizo mbili, takriban robo toni chini ya Mi ya meja, na Si nayo vivyo hivyo. Udi hauna vyuma vya kugawa shingo kama gitaa, kwa hiyo sikio ndilo linaloongoza kidole. Kinanda cha kawaida kitakupotosha.

Jibu: Naongeza kwamba usikimbilie oktava nzima. Zunguka kwanza kati ya Do na Sol, ukirejea Do kila mara, kisha utulie kwenye Re: kwa Mi ileile utakuwa umeingia makamu nyingine, Bayati, na mabadiliko hayo ni matamu mno.

Mwulizaji: Ahsanteni sana. Nimerudisha kidole nyuma kidogo tu, na Mi imekubali.